Kona ya Fernande na Kompyuta za Chini

"Mto mzima, Clément! Mto mzima wa Saint-Maurice unaingia kwenye lile kabati lako na hautoki! Bwawa litakauka, samaki watabaki wanarukaruka kwenye tope, na mji wote wa Shawinigan utakuja kunigongea mimi mlango!"

Fernande Robitaille alikuwa amesimama juu ya ngazi za kushukia vyumba vya chini, mkono mmoja kiunoni, mwingine umening'iniza bili ya umeme kama mtu aliyemshika panya kwa mkia. Clément Gélinas, mpangaji wake, alikuwa chini kabisa ya ngazi, buti zinadondosha theluji, kofia bado kichwani. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kushusha watoto shuleni. Anaendesha basi la njano, na mtu aliyezoea basi zima la watoto wanaotupiana sandwichi hashtushwi na kelele za mtu mzima mmoja.

"Mama, nina kompyuta tano tu."

"Tano tu! Msikilizeni jamani. Mtu ana mikono miwili, ana kompyuta tano!"

"Mbili ni ndogo."

"Hata mbwa mdogo anakula!"

Nyuma ya Fernande, jikoni, kijiko kilikuwa kinakoroga kahawa taratibu, kahawa ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Aliyekuwa anakoroga ni Pierrette, wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Huyu ndiye aliyeuwasha huo moto. Siku za baridi kali, kampuni ya umeme huwaomba watu wapunguze matumizi asubuhi na jioni, na anayepunguza hupata nafuu kwenye bili. Pierrette alijiandikisha. Tangu hapo, baridi ikibana, anazima kila kitu, anavaa koti la nje, anakaa sebuleni kwake kama mtu anayesubiri basi. Halafu anakuja kwa Fernande kujisifu, na kuota moto.

"Muulize kama zinalala usiku," Pierrette akasema bila kuacha kukoroga.

"Zinalala usiku?"

"Hazilali, mama. Zinatunza vitu."

"Vitu gani?"

"Picha za ndugu zangu wote. Sinema. Muziki wa zamani. Moja inatunza, ya pili ni nakala yake, isije ikaharibika."

"Na ya tatu?"

Clément akavua kofia. "Nakala ya nakala."

"Kwa hiyo nalipia umeme wa kutunza kitu ambacho kimeshatunzwa!"

"Ikiungua moja je?"

"Ikiungua moja nitapumua!"

Makubaliano yao yalikuwa mepesi tangu mwanzo: kodi, pamoja na joto na taa. Fernande akamkumbusha kwamba alisema taa, hakusema kiwanda. Akamwambia watapima, kwa chombo, mbele ya shahidi. Ikionekana kompyuta ndizo zinazokunywa umeme, zinatoka. Na kama Clément hawezi kuachana nazo, basi Julai mosi, siku ambayo nusu ya watu huku wanabeba magodoro barabarani kuhama nyumba, na yeye atafute gari.

Hapo uso wa Clément ulibadilika kidogo. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushee, ameachana na mkewe, na nyumba tatu alizopanga kabla ya hii zote alitoka na maboksi yale yale ya kompyuta kwapani.

"Tupime," akasema. "Lakini tupime sawasawa, mama. Mimi sihukumiwi na kijiko cha Pierrette."

Kijiko kikanyamaza.

*

Ili umwelewe Fernande, lazima uielewe kona yake.

Amezaliwa hapo hapo Shawinigan, mji uliojengwa juu ya maporomoko ya maji, na baba yake alikuwa mtu wa mitambo ya kufua umeme. Wenzake walilelewa na mlio wa kengele za kanisa. Yeye na mlio wa mitambo. Watu wa kule wanauona umeme kama jirani waliosoma naye. Hata hita zao za nyumbani ni za umeme, vyuma virefu vilivyolala chini ya kila dirisha, na ukimwambia mtu wa Shawinigan kwamba kuna nchi watu wanapasha joto nyumba kwa kitu kingine anakuonea huruma. Ndiyo maana bili ikipanda hawasikitiki kama watu wengine. Wanahisi wamesalitiwa.

Fernande alishona glavu za wanaume kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, akapika shuleni mpaka magoti yakakataa. Akaolewa na Normand Robitaille, fundi wa kiwanda cha aluminiamu, mwanamume mpole, mwenye mikono mikubwa, mwenye kasoro moja tu: hakuwahi kumaliza kitu.

Si kwamba alikuwa mvivu, hapana. Kuanza alianza kila kitu. Baraza ya mbele ina kizuizi upande mmoja. Upande wa pili ukijisahau unatumbukia kwenye maua. Kabati za jikoni zina milango, isipokuwa tatu. Banda la nyuma limepakwa rangi mpaka pale mkono wa Normand ulipofika bila ngazi. Juu yake mbao ziko kama zilivyozaliwa. Ukimuuliza, alikuwa na jibu moja maisha yote.

"Nitamalizia Jumamosi."

Jumamosi ya mwaka gani hakuwahi kusema. Fernande aligombana naye miaka ishirini kuhusu hilo, halafu akachoka, akaanza kuning'iniza taulo pale penye milango isiyokuwepo.

Sasa kona. Sebuleni, kando ya dirisha linalotazama barabara, kuna kiti cha kubembea alichokirithi kwa mama yake. Hapo ndipo Fernande anakunywa kahawa ya asubuhi, anaangalia nani kafagia theluji na nani kajifanya haioni. Tatizo lilikuwa sakafu. Kona ile ilikuwa baridi kama sakafu ya duka la nyama. Hita ya ukutani haikuifikia. Kila majira ya baridi Fernande alilalamika miguu, na kila majira ya baridi Normand alisema Jumamosi.

Kiangazi chake cha mwisho, Normand akashuka chini na msumeno. Zamani vile vyumba vya chini vilikuwa karakana yake. Fernande alimsikia anakata, anagonga, anatukana kidogo, anakata tena. Alipopanda, nywele zimejaa vumbi, akanyoosha kidole kwenye kona akasema, "Hii utaona baridi ikija."

Majani yalipoanza kuwa mekundu moyo wake ulisimama, yuko nje anayafagia. Rundo moja lilikuwa limekamilika. La pili nusu.

Desemba ile, Fernande aliketi kwenye kiti cha kubembea siku moja asubuhi akaona miguu yake haimuumi. Akavua ndara. Akavua soksi. Akaweka nyayo sakafuni, na mbao zilikuwa na uvuguvugu, kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Akapiga magoti, yeye na magoti yake yale, akapapasa kwa viganja. Joto lilikuwa pale tu, chini ya kiti chake, duara la ukubwa wa meza ya kuchezea karata. Akakaa hapo sakafuni analia na kucheka kwa pamoja. Normand, mume wangu, umemaliza kitu.

Hakumwambia mtu. Pierrette angetangaza kanisani. Binti yake, aliyeko Gatineau, angesema mama ameanza kuchanganyikiwa. Na binti huyo alishaanza kumtumia picha za nyumba za kutunzia wazee, zenye bustani na lifti, zenye kila kitu. Fernande alizikataa zote. Alipoulizwa sababu alisema supu yao ya njegere haina chumvi. Ukweli ni kwamba kila asubuhi alikuwa anaweka miguu mitupu juu ya kile kipande cha sakafu na kutoa taarifa. Mjukuu kaota meno. Kanisa linauzwa. Pierrette kanunua koti jingine. Sauti ya chini, kahawa mkononi, na joto linapanda kutoka chini likisikiliza.

Kwamba Clément na maboksi yake alihamia chini Desemba hiyo hiyo, Fernande hakuwahi kuliweka jambo moja karibu na la pili. Wakati wa kiangazi kiti kinahamia barazani, na nani anahangaika na sakafu wakati huo?

*

Kipimo chenyewe walikiazima maktaba. Kule maktaba inaazimisha vitu vingi siku hizi, viatu vya kutembelea juu ya theluji, gitaa, na hiki kidude cha kupimia umeme: unakichomeka ukutani, halafu kitu chako unakichomeka kwenye kidude, na kioo kidogo kinakuonyesha wati ngapi zinapita. Fernande alisubiri zamu yake, mbele yake kulikuwa na wengine waliogombana na wapangaji wao au na waume zao. Akakipokea kwenye kiboksi, na tarehe ya kurudisha, kama riwaya.

Kabla ya kushuka nacho, akakijaribu jikoni kwake, Pierrette pembeni. Redio: karibu hakuna. "Redio haina dhambi," Fernande akasema kwa kuridhika. Birika la umeme: namba ikaruka ikapita elfu, wote wawili wakarudi nyuma, na chai ile waliinywa kwa heshima. Halafu Pierrette, kwa ule utamu wake, akasema, "Na friza je, wifi?"

Friza ilikuwa stoo, ya zamani kuliko binti wa Gatineau, imejaa pai za nyama na matunda ya porini. Wakaichomeka. Friza ikaguna, ikatetemeka, na namba ikapanda na kukaa juu, haina haraka ya kushuka.

"Mmh," Pierrette akasema.

"Usiniambie mmh. Ndiyo inaanza kazi."

"Inaanza kazi tangu tulipokuwa wasichana."

"Friza ina chakula. Kompyuta ina chakula?" Fernande akachomoa kidude. "Na hiki nacho kimechoka. Kipumzike."

Wakashuka. Clément alikuwa amefagia chumba kama mtu anayesubiri wakaguzi, hata ameweka viti viwili. Kabati lenyewe lilikuwa la ukutani, kwenye kona ya chumba chake, ilipokuwa inakaa zamani misumeno ya Normand. Alipofungua mlango, hewa ya moto ikawapiga usoni kama mtu amefungua tanuri la mikate. Ndani, vijitaa vya kijani vinapepesa, feni zinavuma.

"Jehanamu ndogo," Pierrette akasema, akafungua vifungo vya koti. Lakini hakusogea mlangoni. Alikuwa ametoka kwake, na kwake palikuwa na baridi.

Ili apime zote kwa mara moja, Clément ilibidi azizime, azichomeke kwenye ekstensheni moja, ekstensheni kwenye kidude, kidude ukutani, aziwashe tena. Alizizima moja moja, kwa upole, kama mtu anayelaza watoto. Zilipowaka wakasubiri zitulie. Kioo kikaandika mia tatu na arobaini.

"Wati," Clément akasema. "Kama balbu sita za zamani hivi."

"Balbu sita!" Pierrette akapiga kofi. "Usiku na mchana, Krismasi na Pasaka! Wifi, umesikia mwenyewe. Kesi imekwisha."

Fernande alikuwa amesikia. Alitegemea kufurahi zaidi ya alivyofurahi. Clément alikuwa anaangalia namba kama mzazi anayeangalia matokeo ya mtoto.

"Bado," akasema. "Hiyo ni nusu ya kipimo. Hiyo inasema zinakunywa kiasi gani. Haisemi nyumba inakunywa kiasi gani. Nizizime siku mbili. Pierrette asome mita ya nje, ile ya nyumba nzima. Halafu tuziwashe siku mbili, asome tena. Baridi ni ile ile wiki nzima, wametangaza. Zikionekana ndizo zinazokuumiza, mama, nitazitoa mwenyewe, hutanisukuma."

"Kwa nini asome yeye?"

"Kwa sababu hanipendi. Hawezi kunipendelea."

Pierrette alikubali hoja hiyo papo hapo.

Basi zikazimwa. Feni zikashuka sauti, zikashuka, zikanyamaza, na kwa mara ya kwanza Fernande akagundua kwamba nyumba yake siku zote ilikuwa na mlio, kama ule wa utotoni, na sasa haina.

*

Asubuhi yake, Fernande alichukua kahawa yake, akaketi, akavua ndara, akaweka miguu chini.

Akainyanyua.

Akaiweka tena, polepole, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Mbao zilikuwa baridi. Baridi ile ya zamani, ya kabla. "Normand?" akasema, halafu akaona haya, mtu mzima anaita sakafu.

Akafikiri labda hita imeharibika. Akainama akaigusa, ilikuwa ya moto, tena imejaa kazi kuliko kawaida, inalia-lia kama chuma kinavyofanya kikipata joto. Akarudi kwenye kona, akapiga magoti, akapapasa. Duara lilikuwa limeondoka. Akapapasa pembeni, labda limehama. Mwanamke aliyekataa bustani na lifti akawa anatambaa sebuleni kwake mwenyewe anatafuta joto kwa viganja, na nje jirani anafagia theluji, na Fernande hata hakumwangalia anafagia upande gani.

Akaketi sakafuni. Na hapo, akili yake ikaanza kushuka ngazi, pole pole, kabla ya miguu. Dirisha liko huku. Kiti kiko huku. Chini ya kiti kuna nini? Kuna chumba cha Clément. Kona ya chumba cha Clément. Kabati.

Alivaa soksi za sufu, jozi mbili, akakaa na jambo hilo mpaka supu ikaungua kidogo chini ya sufuria.

Mchana Clément alirudi kula kabla ya safari ya pili ya basi. Akasikia mlango unagongwa. Alipofungua akamkuta mama mwenye nyumba, hana bili mkononi, hana kidude, na kijiko hakisikiki popote.

"Siku mbili hazijaisha, mama."

"Nionyeshe kabati."

"Zimezimwa, naapa. Tazama mwenyewe."

"Sikuja kutazama kompyuta."

Clément akafungua. Ndani palikuwa giza na kimya. Fernande akainua kichwa, akaangalia juu.

Kwenye mbao za dari ya kabati kulikuwa na tundu. Lilikusudiwa kuwa mraba. Upande mmoja ulikuwa umekatwa umenyooka, wa pili unakwenda kama mlevi, wa tatu msumeno ulikuwa umebadili mawazo katikati, na kwenye kingo misumari miwili imegongwa nusu, vichwa vimeinama. Fernande hakuhitaji kuambiwa. Angeutambua ule mkato popote duniani. Kupitia kwenye tundu, katikati ya boriti, aliziona mbao za sakafu yake kwa chini, upande ambao hakuwahi kuuona.

"Hili tundu umekata wewe?"

"Mimi? Hapana, mama, mimi sikati nyumba ya watu. Nililikuta. Ndiyo sababu nikaziweka humu. Nilisema aliyelikata alitaka kitu kipande juu, na kompyuta zikikosa pa kupumulia zinakufa. Nikaziweka chini yake, joto linapanda zake." Akakuna kidevu. "Kulikuwa na bomba la bati pia, na kile kifuniko cha vitundu. Nilifikiri takataka, lakini sikutupa. Ni mali ya mwenye nyumba."

Akavitoa nyuma ya mlango wa chooni. Bomba refu la bati, jipya, halijafungwa popote. Na kifuniko cha chuma cha kuwekea sakafuni, bado kwenye mfuko wa duka, na skurubu zake nne kwenye kifuko cha plastiki ambacho hakuna aliyewahi kukipasua.

Fernande aliketi juu ya kreti ya maziwa iliyopinduliwa. Akashika kile kifuniko mapajani.

Kwa hiyo hakumaliza. Alikata tundu, akanunua bomba, akanunua kifuniko, akapanda juu na vumbi kichwani akasema utaona. Alikuwa anaisubiri Jumamosi. Majira yote ya baridi yaliyopita, Fernande alikuwa anaishukuru sinema ya Clément. Habari za meno ya mjukuu alikuwa anaipelekea nakala ya nakala.

Hakujua amkasirikie nani. Angemkasirikia Normand, lakini kama Normand asingekata tundu lile, Clément angeziweka kompyuta zake popote, chini ya kitanda, bafuni, na kona ingebaki duka la nyama. Angemkasirikia Clément, lakini Clément alikuwa amesimama pale na sandwichi mkononi, hana habari kama kwa miaka hii yote alikuwa anawasha moto kwenye nyumba ya mtu mwingine. Akaugeuza mfuko wa duka. Aliuona ule mkunjo wa mdomoni, Normand alikuwa anakunja mifuko hivyo, mara mbili kwa ndani, kama mtu anayetarajia kuurudisha.

"Mama, uko sawa? Nikuletee maji?"

"Kula chakula chako, Clément."

*

Pierrette alisoma mita kama alivyoapa. Alitumbukia kwenye theluji mpaka magotini kuifikia, kwa vile ilikuwa upande ule wa baraza usio na kizuizi, akasoma siku mbili za kuzima na siku mbili za kuwasha. Siku zile mbili za mwisho Fernande alishinda jikoni. Kiti cha kubembea alikizunguka kama mtu anayemkwepa jirani. Hakutaka kujua. Au alishajua, na hakutaka miguu yake imwambie.

Siku ya hukumu walikutana chini, kompyuta zimezimwa tena kusubiri neno la mwenye nyumba. Pierrette aliingia anakung'uta buti, uso umekuwa mwekundu, na hakuonekana mshindi.

"Ile mita imeharibika," akasema.

"Kwa nini?"

"Namba ni zile zile! Kuzima, kuwasha, tofauti yake ni kama ya kuchemsha chai. Balbu sita zimekwenda wapi?"

Clément hakucheka, na hilo ni la kumsifu. "Hazikwenda popote. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unatoka kama joto, wote, hauna njia nyingine. Zikiwaka, hita zinapumzika. Zikizimwa, hita zinafanya kazi yao na ya kompyuta. Majira ya baridi, kwenye nyumba kama hii, ni mfuko wa kulia na mfuko wa kushoto."

"Na kiangazi?" Pierrette hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo moja. "Kiangazi hita zimelala. Kiangazi wifi analipia nini?"

"Kiangazi umesema kweli," Clément akasema. "Kiangazi ni hasara tupu. Mbili nitazizima, au nitalipa mwenyewe. Nilikuwa nimeshafikiria."

"Si unaona! Wifi, mwambie azizime zote kabisa, tumalize. Kama baridi ni yale yale, na kiangazi ni hasara, za nini sasa? Fernande? Unasikia?"

Fernande alikuwa anaangalia juu, kwenye tundu.

"Washa," akasema.

"Niwashe ngapi?"

"Zote."

"Hata ya nakala ya nakala?"

"Hiyo anza nayo."

Pierrette akamgeukia. "Wifi, wewe si ndiye uliyesema mto mzima? Samaki kwenye tope? Nimezama kwenye theluji siku nne nzima kwa ajili ya samaki wako! Sasa ghafla kwa nini?"

Fernande akaanza kusogea kwenye ngazi. Nyuma yake Clément akabonyeza swichi, moja, nyingine, nyingine. Vijitaa vikapepesa. Feni zikaanza kuvuma, na nyumba ikarudisha mlio wake.

"Mama, subiri kidogo," Clément akasema. Alikuwa amelishika lile bomba la bati, analipima kwa macho dhidi ya tundu. "Nimekuwa naliangalia tangu juzi. Kazi yenyewe ndogo. Natanua hapa kidogo, nanyoosha huu upande mbovu, nafunga bomba, juu naweka kile kifuniko chako. Joto lote linakuja sebuleni badala ya kupotelea kwenye boriti. Utakaa pale kama malkia." Akatabasamu. "Nitakumalizia Jumamosi."

Fernande alisimama ngazi ya pili. Mkono wake ulikuwa kwenye ubao wa kushikilia, ule unaoishia katikati ya ngazi, halafu unabaki ukuta mtupu.

"Jumamosi?" akasema.

"Jumamosi hii. Sina basi. Nilimalizie, au niliache kama alivyoliacha mwenyewe?"

Akaliangalia bomba, na ule upande wa msumeno uliobadili mawazo. Halafu akageuka, akavua ndara zake moja moja, akazishika mkononi, akapanda ngazi kwa soksi mpaka juu, na wakasikia kiti cha kubembea kinalia mara moja, kikanyamaza.

"Sasa amesema ndiyo au hapana?" Pierrette akauliza.